Rangi ya Maji katika Nchi ya Usui

Waswahili wana jina moja, rangi ya maji, kwa vitu viwili. Kimoja ni rangi ya ndoo ipakwayo ukutani siku za kukaribia sikukuu. Cha pili ni rangi ya mchoraji: vidonge vidogo vilivyosagwa laini, vikashikamanishwa kwa ulimbo wa mgunga, vikangoja tone la maji ili viamke. Katika kazi hii ya pili mchoraji hatafuti rangi nyeupe. Weupe wake ni karatasi yenyewe, pale alipoiacha bila kuigusa. Wala hana nafasi kubwa ya kujirudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na brashi iliyokwisha kupita imepita.

Watu wa pwani si wageni wa elimu hii. Nakala za Msahafu zilizoandikwa Siyu na Pate katika karne ya 18 na ya 19 zilipambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Na mpaka leo wako wanaoandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha maandishi yakaoshwa kwa maji au marashi ya waridi na mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe. Hapo rangi huandikwa ili iyeyuke, na manufaa yake huanza pale inapotoweka. Kwa hiyo msomaji wa visiwani analijua tayari swali la makala haya: kitu kilichoandikwa kwa maji huishi wapi?

Jibu lake lina historia ndefu katika nchi ambayo watu wa pwani waliisikia zaidi kuliko walivyoiona. Magharibi ya Ziwa Viktoria, mkoani Kagera, ziko wilaya za Biharamulo na Ngara. Nyakisasa ni kata ya Ngara, katika vilima vilivyo jirani na Rulenge. Ukienda magharibi unafika mipakani mwa Burundi na Rwanda, na mto Kagera. Misafara ya biashara ya karne ya 19 iliijua sehemu ya nchi hizi kwa jina la Usui, na kaskazini yake Karagwe. Ndiyo njia waliyopita Waingereza wawili mwaka 1861, wakiwa na sanduku la rangi ya maji.

Sanduku hilo lilichukua nafasi ya chombo kingine. John Hanning Speke na mwenzake Mskochi, James Augustus Grant, walifika Unguja mwaka 1860, na Grant alikuja na kamera. Alipiga picha mjini, na soko la watumwa likiwamo. Lakini picha za zama hizo zilitaka mpiga picha ajifungie ndani ya hema dogo la giza, atayarishe vioo vyake kwa dawa na kuvisafisha papo hapo. Walipoondoka pwani na kuingia bara, joto la hema lile lilimzidi Grant. Speke aliona kwamba kazi hiyo ingemuua mwenzake mapema, akairudisha kamera Unguja. Grant akabaki na penseli, karatasi na rangi. Kwa sababu hiyo sura za kwanza za nchi zile zilizochorwa na mgeni aliyeziona kwa macho yake hazikushikwa kwa kioo na dawa. Zilishikwa kwa maji.

Haikuwa ajabu kwa askari kujua kuchora. Huko Uingereza rangi ya maji ilikua ubavuni mwa jeshi. Afisa alitakiwa aweze kuchora kilima, mto na boma, ili mkuu wake aijue nchi kabla ya kuikanyaga. Paul Sandby, mmoja wa mabingwa wa rangi ya maji wa karne ya 18, alikuwa mwalimu wa kuchora katika chuo cha kijeshi cha Woolwich tangu mwaka 1768. Karibu na mwisho wa karne hiyo ndugu wawili wa London, William na Thomas Reeves, walitengeneza rangi ya vidonge vikavu, na tangu hapo mchoraji aliweza kubeba duka zima mfukoni. Rangi ikawa nyepesi kama dira, na mara nyingi ikasafiri pamoja nayo. Grant, aliyeingia jeshi la Wahindi wa Bengal mwaka 1846, alitoka katika desturi hiyo. Msomaji asiisahau asili hiyo anapozitazama picha zake: jicho lililozichora lilikuwa jicho la mpenda maua, na papo hapo lilikuwa jicho la dola.

Usui ilikuwa na sifa mbaya midomoni mwa wasafiri kwa sababu ya hongo. Hakuna aliyepita bila kutoa nguo, shanga na waya, na msafara wa Speke ulicheleweshwa huko kwa majadiliano yasiyokwisha. Mtawala wa nchi alikuwa Suwarora, kama Speke alivyoliandika jina lake. Wajumbe walikwenda na kurudi, zawadi zikatolewa na kuongezwa, ruhusa ya kupita ikapatikana. Ila wageni wakaondoka bila kuonana naye uso kwa uso. Waingereza walilihesabu jambo hilo kuwa utovu wa adabu. Lakini mtu anaweza kulitazama kwa upande wa pili. Mtawala asiyeonekana hapimwi, haandikwi urefu wala unene, wala hachorwi. Katika safari iliyopima kila kitu, Suwarora ni mmoja wa wachache waliobaki na sura zao wenyewe. Nchi yake ilichukuliwa katika daftari, yeye hakuchukuliwa.

Karagwe mambo yalikuwa kinyume. Rumanika aliwapokea wageni mwezi Novemba 1861 kwa furaha na udadisi, akawauliza habari za dunia, akawaruhusu kutembea na kutazama. Speke alielekea Buganda Januari 1862. Grant hakuweza kumfuata. Mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya kilichomlaza kwa miezi. Baadhi ya madaktari wa siku zetu, wakisoma alivyokieleza, wamedhani ni ule ugonjwa unaoitwa leo kidonda cha Buruli. Alibaki katika makao ya Rumanika mpaka Aprili, akatoka amebebwa juu ya machela.

Miezi hiyo ya ulemavu ndiyo iliyompa nafasi ya kutazama. Msafiri mwenye miguu miwili huona njia. Mgonjwa aliyelala mlangoni huona watu. Aliandika habari za mavazi, vyakula, ngoma na mifugo, akakusanya mimea na kuichora. Mimea iliyokusanywa katika safari ile ilikuja kuchapishwa na jumuiya ya wanasayansi ya Linnean ya London kati ya mwaka 1872 na 1875, kwa michoro zaidi ya mia. Na kuna kejeli ya historia hapa: Speke alipolifikia tokeo la Nile penye maporomoko karibu na Jinja, Julai 1862, Grant hakuwa naye, alikuwa ametumwa njia ya Bunyoro. Mchoraji wa safari hakuliona tokeo lililotafutwa. Alichokiona na kukichora ni nchi iliyohesabiwa kuwa njia tu.

Hata hivyo jicho haliji tupu. Karibu na makao ya Rumanika lilikuwapo ziwa dogo katikati ya vilima. Grant alipoliona alikumbuka Windermere, ziwa la kaskazini ya Uingereza, na Speke akaliingiza katika ramani yake kwa jina hilo. Windermere halikuwa ziwa lolote tu. Lilikuwa katika ile nchi ya maziwa ambayo wachoraji wa rangi ya maji na washairi wa Kiingereza walikuwa wameisifu kwa vizazi viwili, hata mtu aliyesoma alikuwa ameijua kabla ya kufika. Kwa hiyo lile ziwa la Karagwe lilionwa kupitia picha nyingine. Kabla brashi haijalowa, ziwa lilikwisha kupewa rangi. Ziwa kubwa la jirani liliponea: Speke aliliandika Urigi kama alivyolisikia, na jina hilo liko hai mpaka leo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Mwaka huohuo jina la Rumanika nalo lilipewa hifadhi, Rumanyika-Karagwe.

Hapa inafaa kuwakumbuka waliolibeba sanduku. Picha hizo hazikutembea zenyewe. Zilipita mikononi na mabegani mwa wapagazi, na mwa waungwana wa Unguja, ambao mkubwa wao kwa jina ni Sidi Mubarak Bombay. Myao huyo alitekwa utotoni, akauzwa, akaishi Bara Hindi, kisha akarudi Unguja akiwa huru. Yeye na Speke walizungumza Kihindustani. Kwa hiyo jina la mmea au la mtu lilitoka kinywani mwa mwenyeji kwa lugha yake, likapita katika Kiswahili, likapita katika Kihindustani, ndipo likafika pembeni mwa karatasi kwa herufi za Kiingereza. Lisituudhi likifika limepinda. Tushangae kwamba lilifika. Kila picha ya safari ile ina wakalimani ndani yake, nao ni watu wetu.

Ikaja tafsiri nyingine, iliyokuwa mbaya zaidi. Kitabu cha Speke kilichapishwa mwaka 1863, na ukurasa wake wa kwanza ulitangaza kwamba picha nyingi zimetokana na michoro ya Grant. Lakini rangi ya maji haikuweza kuchapishwa kitabuni kwa bei ya kawaida. Ilibidi ichorwe upya, ichongwe juu ya kibao cha mbao, ipigwe chapa kwa wino mweusi. Kazi kubwa ya kuchora upya alipewa Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyeishi London, fundi hodari wa kuchora wanyama, ambaye hakuwamo katika msafara. Fundi wa mjini hutaka picha isimame vizuri ukurasani: hukusanya watu waliotawanyika, huongeza mnyama pale penye uwazi, huwapa watu mikao waliyozoea wasomaji wake. Weupe wa karatasi, ambao katika rangi ya maji ni mwanga na hewa, hugeuka uwazi wa kujazwa.

Ni hizo picha za mbao ambazo dunia ilizijua. Zilirudiwa katika vitabu vya shule, katika magazeti, katika historia za uvumbuzi, kwa miaka zaidi ya mia. Mwafrika wa kati aliyeingia katika fikra za Ulaya alikuwa na mistari mieusi ya patasi. Michoro yenyewe ya Grant, yenye unyonge na ukweli wa mkono wa mgonjwa, ilikaa kimya. Sasa imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi, Edinburgh, pamoja na karatasi zake nyingine.

Imehifadhiwa gizani, na hilo si fumbo. Rangi ya maji huliwa na mwanga. Jua linaloiwezesha kuonekana ndilo linaloifuta. Nyekundu hupauka, buluu nyingine hugeuka kijivu, karatasi hupata manjano. Kwa hiyo maktaba na makumbusho huzifunga picha hizo katika makasha, huzitoa kwa muda, chini ya taa dhaifu, kisha huzirudisha. Picha ya rangi ya maji hudumu kwa kadiri isivyotazamwa. Watu wa Biharamulo, Ngara na Karagwe wana sura za nchi yao za mwaka 1861, zimetunzwa kwa uangalifu mkubwa, katika giza, mbali, kwenye mji ambao wengi wao hawatafika.

Lakini hiyo ni njia moja tu ya kutunza. Njia ya pili iko karibu zaidi, ng'ambo ya mto Kagera. Katika nchi ya zamani ya Gisaka, mashariki ya Rwanda, wanawake walipamba kuta za ndani za nyumba kwa sanaa iitwayo imigongo. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hutandazwa ukutani kwa vidole iwe migongo iliyoinuka ya pembe, misuko na mizunguko. Ikikauka hupakwa rangi. Nyeupe na nyekundu hutoka katika udongo. Nyeusi hutengenezwa kwa majivu na utomvu wa mshubiri. Mapokeo humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa mwanzilishi wake. Hakuna ukuta wa samadi unaodumu miaka mia. Mvua, moshi na wadudu huumaliza. Sanaa ilidumu kwa sababu kila nyumba mpya ilimtaka mwanamke mwingine ajue.

Mwaka 1994 njia hiyo ilijaribiwa kwa jaribio ambalo hakuna kasha lililowahi kujaribiwa. Nyarubuye, katika eneo hilohilo, maelfu ya watu waliuawa kanisani mwezi Aprili. Mwishoni mwa mwezi huo, tarehe 28 na 29, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi, waliotenda na wasiotenda wakiwa wamechanganyika, na vilima vya Benaco vikawa mji wa mahema. Kuta zilizopakwa rangi zilibaki nyuma zikiwa hazina wenyewe. Miaka ilipopita, wanawake walionusurika wa sehemu za Kirehe walijikusanya wakaanza upya, safari hii juu ya vibao vidogo vinavyoweza kuuzwa na kubebwa. Hawakuwa na daftari la kurejea wala picha ya maktaba ya kunakili. Walikuwa na vidole vilivyokumbuka. Sanaa iliyowekwa katika mikono inaweza kuuawa pamoja na wenye mikono hiyo, na karibu ingekufa. Lakini ikibaki mikono michache, inarudi ikiwa hai.

Kati ya kasha na mikono, wachoraji wa Afrika Mashariki wamelazimika kujitafutia njia. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere, Uganda, na chuo hicho kikawa lango la wachoraji wa nchi zetu. Hakuwataka wanafunzi wake wanakili kitu kilichowekwa mezani; aliwasomea habari, wakafumba macho, wakachora walichokiona ndani. Ilikuwa kinyume cha mafunzo ya Grant. Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, alitoka hapo, akaenda chuo cha Slade, London, akawa mchoraji mkubwa wa Tanganyika, na baadaye balozi wa nchi yake Uingereza. Alitumia zaidi rangi ya mafuta, lakini vilima vyake vya migomba na watu wafanyao kazi pamoja vilitoka katika kumbukumbu. Ntiro hakuhitaji Windermere ili auone mlima wake.

Na kisiwani Unguja tunamkuta John da Silva, aliyezaliwa Goa mwaka 1937, akaletwa Unguja utotoni. Kwa miaka mingi alikaa katika vichochoro vya Mji Mkongwe akichora milango, roshani na majumba kwa wino na rangi ya maji. Wapita njia walimwona kama mtu anayejiburudisha. Wakati ukathibitisha vingine. Majumba ya mawe na chokaa yaliendelea kuanguka hata baada ya mji kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Imekuwa jambo la kuzingatiwa kwamba karatasi nyepesi iliyolowa maji inaweza kuishi kuliko jiwe. Zaidi ya hayo, da Silva alichora akiwa miongoni mwa wale waliokuwa wakiishi nyuma ya milango hiyo, nao waliweza kumsimamia begani na kumwambia amekosea.

Hapo ndipo ilipo tofauti yenye uzito. Thamani ya picha haimo katika ufundi peke yake. Imo pia katika swali la nani anaweza kuisahihisha. Watu wa Usui na Karagwe hawakupata kumsahihisha Grant, na kwa Zwecker haikuwezekana kabisa. Majina yaliyopinda pembeni mwa karatasi yanangoja wanaoyajua. Mzee wa Karagwe aweza kuutambua mmea na kuutaja kwa jina lake. Mfugaji aweza kusema ng'ombe yule ni wa namna gani. Mtu wa Biharamulo aweza kukitambua kilima. Elimu hiyo haimo Edinburgh, nayo haifungiki ndani ya kasha. Inapungua kila msiba unapotokea.

Kwa hiyo dai la haki si kwamba karatasi zile dhaifu zisafirishwe zikafie juani. Ni kwamba nakala zake nzuri, ambazo sasa ni rahisi kutengenezwa, zifike katika shule na maktaba za Ngara, Biharamulo na Karagwe, zitazamwe mchana kweupe, ziguswe, zibishaniwe, ziandikwe pembeni kwa Kishubi, Kihangaza, Kisubi, Kinyambo na Kiswahili. Na pamoja na nakala hizo ziende rangi. Vidonge vichache, brashi, karatasi na kopo la maji si gharama ya kuishinda wilaya. Mtoto wa Nyakisasa akikaa kitako mbele ya kilima cha kwao, akaacha weupe mahali pa ukungu wa asubuhi, atakuwa amefanya jambo ambalo Grant hakuliweza: kukichora kilima hicho bila kukifananisha na kingine.